Shuka langu la viraka limevimba katikati na kuvuja rangi. Nianzie wapi upya?

*"Shikamoo fundi. Nipo Nkuhungu, Dodoma. Kiangazi hiki, watoto wakiwa likizo, niliamua kushona shuka la viraka la matabaka matatu kwa vipande vya vitenge nilivyopewa na mafundi wa Majengo, nikachanganya na nguo zetu za zamani. Ndani niliweka pamba ya mito, nikashona kwa cherehani ya miguu. Lilipokwisha lilikuwa limejikunjakunja katikati kama limevimba na pamba imekusanyika pembeni. Nilipolifua mara ya kwanza, wekundu ukahamia kwenye vipande vyeupe. Tatizo ni cherehani au ni mimi? Hili nililoharibu nilitupe? Tafadhali usiniambie ninunue vifaa vya bei kubwa."*

Marahaba, mama. Usilitupe. Cherehani nayo usiilaumu sana, ina kakosa kadogo nitakakokutajia huko mbele. Kwa ulivyoeleza, shuka hili liliharibika kabla hujakanyaga pedeli hata mara moja. Vitambaa havikupita kwenye beseni, na ile pamba haikuwa ya kazi hii. Pedeli ilikuja kuonyesha tu kilichokwisha kutokea.

Nianze na rangi, maana hiyo ina haraka. Kama hujalipiga pasi, bado lina nafasi nzuri. Ule wekundu umekaa juujuu kwenye vipande vyeupe, na joto la pasi ndilo litakaloufanya ung'ang'anie. Tafuta diaba kubwa au pipa lililokatwa. Tia maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwa shida, weka sabuni ya unga ya kutosha, kisha zamisha shuka lote mpaka ndani. Lisielee. Mimi hulikandamiza kwa sahani ya bati na jiwe juu yake. Liache usiku kucha. Asubuhi ukikuta maji yamekuwa kama juisi ya rosela, mwaga urudie, mpaka yabaki meupe. Muhimu hapa ni wingi wa maji. Rangi iliyoachia inahitaji mahali pa kuelea mbali na kitambaa, na shuka ukilibana kwenye ndoo ndogo itarudi kukaa palepale. Najua Nkuhungu kiangazi maji ni ya kuvizia, kwa hiyo subiri siku yanayotoka, na hayo unayomwaga yapeleke chooni.

Jiki usiiguse. Itatoa wekundu kwenye vyeupe, itautoa pia kwenye vyekundu vyenyewe, na itaila pamba mpaka kitambaa kichanike ukikivuta. Chumvi na siki nazo, ambazo kila shangazi atakuambia, sijawahi kuona zikizuia kitenge kilichoamua kuchuja. Chumvi hutumika wakati wa kutia rangi, kitambaa kikiwa bado ndani ya sufuria la rangi. Siki inasaidia rangi za sufu na hariri. Kwenye kitenge kilichokwisha kutoka kiwandani unakoleza mboga tu.

Kwa shuka linalofuata, kila kipande kifuliwe kwanza, hata kile kidogo cha kiganja. Tenga makundi: vyekundu na zambarau peke yake, bluu nzito na nyeusi peke yake, vyepesi peke yake. Vile vidogo vitie kwenye soksi kubwa au chandarua cha zamani ukifunge, visije vikafumuka nyuzi vyote. Kisha kila chekundu kipimwe hivi: kiloweshe, kiweke juu ya kitambaa cheupe, ukikandamize kwa pasi ya moto ukihesabu mpaka kumi. Ukifunua ukaona alama ya waridi kwenye cheupe, rudisha kwenye beseni. Kikifika mara ya nne bado kinatoa, hicho kiwe tambara la kudekia. Usikionee huruma. Mimi nilikionea mwaka fulani, kipande cha khanga nyekundu kilichokuwa kizuri sana, na mpaka leo ninalo shuka ambalo ua lake moja limezungukwa na kitu kama damu ya pua.

Kufua kabla kuna faida nyingine ambayo ndiyo nusu ya jibu la ule uvimbe wako. Kitenge cha pamba hunywea kikifuliwa, na khanga mpya ikitoka uwanga hunywea pia. Poliesta hainywei. Ukivishona pamoja vikiwa vipya, siku ya kufua pamba inajivuta na poliesta inabaki na upana wake, basi lazima ivimbe, haina pa kwenda. Vipande vya mafundi siku hizi vimechanganyika mno, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, zichome na kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Fanyia nje, mbali na vipande vingine. Vya poliesta nisingevitupa, vinafaa sana mazulia ya mlangoni, ila visiingie kwenye shuka.

Sasa ile pamba. Pamba ya mito ni nyuzi zisizoshikana, zimetengenezwa zikae ndani ya mfuko uliojaa. Ukiitandaza inatulia kama mgeni siku ya kwanza, lakini kila mshono unaisukuma, na kila ukifua inakimbilia pembeni. Sufi ni hivyohivyo. Mto wa sufi ni raha ya peke yake, ila nyuzi zake ni fupi na zinateleza, haziwezi kusimama zenyewe kama tabaka. Isitoshe, unene wa nini Dodoma? Juni na Julai usiku joto linashuka mpaka nyuzi 13 au 14 hivi, na upepo juu yake, lakini Oktoba na Novemba mchana unavuka nyuzi 30 na watoto watalisukumia miguuni. Mtu wa Makete, kwenye baridi kali, akiniuliza nitamjibu vingine. Wewe tabaka la kati liwe shuka la pamba lililochakaa, au flana, au blanketi jembamba la mtumba kutoka soko la Sabasaba. Hata khanga mbili kuukuu zilizolazwa moja juu ya nyingine zinatosha. Kitu kilichokwisha kufuliwa mara mia hakina tena cha kunywea, na ni kitambaa kimoja kizima, hakikimbii.

Nikupe na vipimo, maana hukutaja ulivyokata na nahisi ulikisia. Kitanda cha watoto cha futi 4 kwa 6 ni kama sentimita 120 kwa 180. Kata vipande vya mraba vya sentimita 17, ushone ukiacha sentimita 1 kila upande, kila kipande kitabaki 15. Tisa upana na kumi na tatu urefu vinakupa 135 kwa 195, yaani vipande 117. Kikate kimoja kwenye boksi gumu la katoni kiwe kielelezo, na kila baada ya vipande thelathini hivi kata kingine, kwa sababu chaki na mkasi vinalila boksi na vipande vyako vya mwisho vinakuwa vidogo bila wewe kujua. Ile sentimita 1 iheshimu. Ukila milimita 2 zaidi kila upande wa mshono, safu ya vipande tisa inapungua zaidi ya sentimita 3, na ukija kuiunganisha na safu uliyoshona siku umetulia, haziingiani. Ukikata, fuata uzi wa kitambaa. Kipande kilichokatwa mshazari kinavutika kama mpira, na hicho nacho kinavimba.

Upande wa nyuma tumia doti moja ya khanga. Kila khanga ina kama sentimita 150 kwa 105 hivi, ingawa viwanda havifanani, kwa hiyo pima yako baada ya kuifua. Ziunganishe kwa ubavu mrefu, utapata kama 150 kwa 205. Inazidi ule uso wa juu sentimita chache kila upande, na hapo ndipo ninapoipendea khanga: ile ziada unaikunja ije juu, na pindo lake linakuwa fremu ya shuka zima bila kununua utepe. Jina la khanga litabaki nyuma, upande unaogusa mwili, kwa hiyo lisome kabla hujakata shauri. Kuna majina ya kumtupia wifi mafumbo ambayo hayafai kulalia watoto.

Pasi ya mkaa inatosha. Ila ikung'ute jivu nje ukiwa umeipa kitambaa mgongo, na kwenye vipande usiisukume huku na huko. Inue, kandamiza, inue. Ukisukuma unavuta kitambaa. Mishono ya safu ya kwanza ilaze yote kulia, ya safu ya pili yote kushoto, na kuendelea hivyo. Safu zikikutana, zile kingo mbili zinashikana zenyewe kama vidole vya mikono miwili, na kona zako zinakaa sawa hata kwa macho ya usiku.

Sasa tuje kwenye katikati kulikovimba. Nina hakika hukupiga bandi, yaani ile mishono mirefu ya muda ya kushikiza matabaka kabla ya cherehani. Chini ya sindano ya cherehani kuna meno yanayovuta kitambaa cha chini kwenda mbele, na juu kuna mguu wa chuma unaobana. Kwenye kitambaa kimoja huoni tofauti. Kwenye matabaka matatu, la chini linatembea haraka na la juu linabaki nyuma kidogo, nywele moja kila mshono. Wewe, kama wengi, ulianza kushona ukingoni ukazunguka. Ile ziada yote ulikuwa unaichunga kuelekea ndani, kama mbuzi, mpaka ikajaa katikati na ikakosa mlango.

Fagia sebule, tandika khanga chini uso wake ukiangalia sakafu, ivute iwe bapa na uibandike kingo kwa selotepu. Juu yake tabaka la kati, ulilainishe kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Juu kabisa viraka. Kisha piga bandi kwa mkono, kwa uzi wa rangi inayoonekana, mishono mirefu kama kidole. Anzia katikati kabisa uende juu, urudi katikati uende chini, halafu kulia, halafu kushoto, kama miale ya jua. Ukimaliza jaza nafasi mpaka pasiwe na mahali unapoweza kuweka shubiri nzima bila kugusa uzi. Kazi hii inachosha kiuno na haina sifa yoyote, na wote wanaoiruka hurudi kuniandikia kama ulivyoandika. Ukienda kwenye cherehani, anzia katikati tena. Legeza kidogo skrubu ya juu inayoamua mguu unabana kiasi gani (hapo ndipo kakosa ka cherehani yako kalipo), ongeza urefu wa mshono, weka sindano namba 16.

Lakini mama, kwa vipande ulivyonavyo, ambavyo vingi nadhani havitoki sentimita 17, nina njia nyingine ninayoipenda zaidi, na haihitaji cherehani kabisa.

Huko Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi Wasidi. Ni watu wenye asili ya Afrika. Wazee wao walipelekwa huko karne nyingi zilizopita, wengi wakiwa watumwa waliopitishwa Goa mikononi mwa Wareno. Wanawake wao wanashona mashuka ya viraka yanayoitwa kawandi, kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa na sari kuukuu upande wa nyuma. Na wanafanya kinyume kabisa na yote niliyokuambia hivi punde: wanaanza ukingoni, kwenye kona, wanazunguka kwenda ndani mpaka kufika katikati. Shuka halivimbi.

Kwa nini lao halivimbi na lako limevimba? Kwa sababu wao hawana uso mzima wa juu wa kuuchunga. Wanaweka kiraka kimoja, wanakunja kingo zake ndani, wanakishona chini kwa mishono ya kawaida ya mkono ya kuingia na kutoka, kisha wanaweka kingine kikipanda kidogo juu ya ukingo wa kile cha kwanza. Kila kiraka kinakatwa au kukunjwa kilingane na nafasi iliyobaki. Kama kuna ziada, inamezwa kwenye mkunjo wa kiraka kinachofuata, na safari ya kwenda katikati haina cha kusukuma. Mistari ya uzi inazunguka nayo, mmoja ndani ya mwingine, umbali wa kidole kimoja hivi, na hiyo mistari ndiyo inayoshika matabaka yote. Kushona viraka na kushikiza matabaka kunakuwa kazi moja.

Kwenye kila kona wanabandika kipembetatu kidogo cha kitambaa kilichokunjwa tabaka juu ya tabaka, wanakiita phula, yaani ua. Shuka lisilo na maua hayo kwao lipo uchi. Na wapo wanaochomeka punje chache za mchele chini ya kiraka cha mwisho cha katikati, tumbo la shuka lisikose chakula. Mimi langu nilitia punje za uwele, maana ndipo nilipo.

Ukijaribu kwa mara ya kwanza, fanya dogo, la mtoto mchanga au la kukalia, sentimita 70 kwa 90. Khanga nyuma, tabaka la kati moja, ukingo wa khanga uukunje juu ya tabaka la kati pande zote nne. Kama unashonea mkono wa kulia, zunguka shuka kinyume cha saa ili kazi ije kwenye mkono wako. Uzi uwe wa pamba na uwe mara mbili, na kabla hujaanza uburuze kwenye nta ya nyuki. Hapa hatuna kisingizio, wanaoleta asali kutoka Singida na Manyoni hawakosi kipande cha nta, na donge la ukubwa wa limau linakutosha miaka. Uzi uliopakwa nta haujifungi mafundo na hauliwi haraka na msuguano. Mkono wa kushoto uwe chini ya shuka ukihisi ncha ya sindano. Siku za mwanzo utajichoma. Kuna wanaovaa kidole cha glavu iliyokatwa, mimi sipendi, napoteza kuhisi.

Kazi hiyo inabebeka, unaweza kuwa nayo mapajani huku maharage yanachemka, na mtoto wa miaka tisa au kumi anashona mistari yake mwenyewe bila kuharibu kitu. Mishono yao mirefu iache ilivyo.

Neno moja kuhusu uani. Kiangazi cha hapa kinavutia kufanya kazi nje: hakuna mvua, mavuno yamekwisha, kivuli cha mwarobaini kipo. Nilipanga vipande vyangu vyote 117 uani mwezi wa nane, nikavitazama nikaridhika, nikaingia ndani kuchukua pini. Chamchela ikapita. Nilivikimbiza mpaka kwa jirani wa pili, kimoja nikakikuta mdomoni mwa mbuzi wake, na vingine viwili sijaviona hadi leo. Panga ndani, au kila safu ichome pini moja pembeni ukiishamaliza kuipanga, uiandike namba kwa chaki nyuma. Tabaka la kati lisikae nje hata dakika kumi, litanyonya vumbi jekundu ambalo ukishalishonea ndani hutalitoa. Na usiku usiliache sakafuni. Mchwa wetu unawajua.

Lile lililoharibika, ukishalitoa rangi, fumua pande tatu tu. Upande mmoja uache umeshonwa, utakusaidia kurudisha vitu mahali pake. Toa pamba yote, jazia mito ya kochi. Uso wa juu ufue, upige pasi upande wa nyuma, halafu ulaze sakafuni. Kama bado umevimba bila pamba, ujue ni vile vipande vya poliesta au vya mshazari. Vitafute kwa kiberiti na kwa kuvuta, viondoe hivyo tu, uweke vingine. Kama umelala bapa, uso wako hauna kosa, weka tabaka jipya la kati na upige bandi.

Ukikwama niandikie tena, na ukituma picha tuma ya upande wa nyuma. Wa mbele huwa unanidanganya.